Kupima Ghala la Amana: Mwongozo wa Kuutambua Ubora wa Tahoe-LAFS

Mnunuzi wa jahazi aliye mjuzi hapotezi wakati wake kuisifu rangi ya ubavu wala nakshi ya tezi, bali huinama karibu na mkuku akazitazama nyufa za mbao zilivyotiwa kalafati, kwa kuwa anajua kwamba bahari itamhukumu mahali pale wasipopatazama watu. Ndivyo impasavyo kufanya kila mtu anayetaka kuipima kazi ya mafundi wa programu za kuhifadhi mafaili, hasa zile za chanzo huria ambazo huitawanya mali ya mtu katika kompyuta nyingi zisizokuwa na bwana mmoja. Toleo jipya la programu ya namna hii linapotangazwa, aghalabu macho ya watu hukimbilia wasaa wa ghala, wepesi wa kupakia na uzuri wa sura yake kwenye kioo. Lakini mimi nashikilia kwamba swali la kwanza, na ambalo hutenga ustadi na ubabaishaji, ni hili: mwenye mali anadaiwa amwamini nani, na kwa kiasi gani, ili mali yake isalimike? Toleo lipunguzalo deni hilo ni toleo jema hata kama halina jipya la kuonyesha, na toleo liliongezalo ni baya hata likisifiwa kwa kasi yake mchana na usiku.

Kwa kuwa maneno ya jumla hayamfundishi mtu kupambanua, nitaichukua programu moja ambayo kwangu ni kipimo cha fani yote, nayo ni Tahoe-LAFS. Ilianza mwaka 2006 ndani ya kampuni ya Marekani iliyoitwa allmydata, iliyokuwa ikiuza nafasi ya kuweka nakala za akiba, na miongoni mwa wajenzi wake wakuu walikuwa Zooko Wilcox-O'Hearn na Brian Warner, ambao mwaka 2008 waliandika makala ya kitaalamu kuueleza usanifu wake. Kampuni ile ilikuja kufungwa, ilhali programu iliendelea kuishi mikononi mwa watu wa kujitolea, maana chanzo chake kilikuwa kimekwisha kukabidhiwa umma kwa leseni huria. Kanuni yake imo ndani ya jina lake, kwani herufi zile nne za mwisho husimama mahali pa maneno yenye maana ya ghala la mafaili lenye mamlaka madogo kabisa: yaani kila sehemu ya mtambo ipewe uwezo ule tu ambao bila huo haiwezi kuitimiza kazi yake, na zaidi ya hapo isipewe hata chembe.

Namna kanuni hiyo inavyotimizwa ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Mtu anapopakia faili, kompyuta yake mwenyewe, kwa njia ya sehemu iitwayo lango, hulisimba faili lile kwa ufunguo wa mbinu ya usimbaji iitwayo AES kabla halijagusa waya, kisha hulifanya vipande na kuvipeleka kwa seva mbalimbali, nazo hupokea kitu zisichoweza kukisoma. Kazi ikiisha, mwenye faili hupewa mstari mmoja wa maandishi, na mstari huo ndio ningependa msomaji ajizoeze kuusoma kama kadhi asomavyo hati ya wakfu. Huanza na herufi URI, zikafuatwa na nukta pacha, kisha CHK, baada yake huja mfululizo wa herufi ndogo na tarakimu, 26 kwa jumla, ambao ndio ufunguo wa kulisimbulia faili, kisha mfululizo wa pili, mrefu zaidi, wa alama 52, ambao ni muhtasari wa kihesabu wa kuthibitisha kwamba kilichorudi ndicho kilichowekwa, kisha 3, kisha 10, na mwisho ukubwa wa faili kwa baiti. Basi. Jicho la mjuzi huona kilichomo na pia huona kisichokuwamo: hamna jina la mtumiaji, hamna nywila, hamna anwani ya seva yoyote, wala hamna jina la kampuni. Yote yanayohitajika ili kulisoma faili na kulithibitisha yamo mkononi mwa mwenyewe, na seva zilizobeba vipande zaweza kubadilishwa zote, moja baada ya moja, mstari ule usibadilike hata herufi. Na faili likiwa dogo mno, la baiti 55 au pungufu, mafundi hawa hawakuona haja ya kuisumbua seva. Maudhui yenyewe hutiwa ndani ya mstari, yakakaa humo.

Mafaili yanayoweza kubadilishwa yana mistari ya namna hiyo pia, nayo ni hati za daraja tatu. Iko ya kuandika, iko ya kusoma, na iko ya kukagua. Na aliye na hati ya juu aweza kuitoa ndani yake ile ya chini, lakini aliye na ya chini hawezi kamwe kupanda. Daraja ile ya tatu ndiyo inionyeshayo ufundi wa kweli. Kwa hati ya kukagua, mtu aweza kumwajiri mlinzi wa kuzungukia vipande vyake na kuona kama vingali vizima, ilhali mlinzi huyo hajui kama anachokilinda ni picha za harusi au daftari la madeni. Kila nipimapo ghala la aina hii huuliza kama naweza kuikabidhi kazi ya ulinzi bila kuikabidhi siri. Ghala lisimbalo mali kwa ufunguo linaoushika lenyewe hushindwa hapo hapo, na tangazo lolote la usalama haliwezi kuliokoa.

Kuna wanaoiona kuwa ni taksiri kwamba mtu akiupoteza mstari wake, faili limepotea milele, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Sikubaliani nao. Aghalabu ghala liwezalo kukurudishia mafaili yako yote baada ya wewe kuisahau nywila, laweza pia kuyasoma wakati wewe hupo. Mambo hayo mawili ni pande mbili za uwezo mmoja, na fundi mwaminifu humweleza mteja wake waziwazi ni upande gani aliouchagua.

Nije sasa kwenye zile namba mbili, 3 na 10, maana humo mna hesabu nzuri kupita kiasi. Kwa kawaida Tahoe-LAFS hutengeneza vipande 10, na vyovyote 3 kati yake vyatosha kulirudisha faili zima. Hesabu hiyo imejengwa juu ya kazi ya wanahisabati Reed na Solomon ya mwaka 1960, na kila kipande kina ukubwa wa takriban theluthi ya faili, hivyo vyote kumi huchukua nafasi ya mara 3.3 hivi ya faili lenyewe. Linganisha na desturi ya kuweka nakala 3 kamili. Nafasi inakaribiana, lakini mwenye nakala 3 aweza kustahimili hasara ya seva 2 tu, na mwenye vipande 10 huistahimili hasara ya seva 7. Tuseme kila seva ina uwezekano wa 1 katika 10 wa kutoweka, na kila moja hutoweka kwa sababu zake bila kuifuata nyingine: mwenye nakala 3 hupotewa na mali yake mara 1 katika 1,000, na mwenye vipande 10 hupotewa pungufu ya mara 4 katika 10,000,000. Kwa gharama iliyozidi kidogo tu, mtu amenunua salama isiyolinganika.

Lakini hesabu hii ina sharti, na sharti lenyewe ni lile neno la kila seva kutoweka kwa sababu zake. Seva kumi zilizopangwa katika chumba kimoja, zikanywa umeme wa waya mmoja, mbele ya moto au mbele ya mwizi ni seva moja. Jamaa waliotawanyika Zanzibar, Maskati na London, kila mmoja akiweka kompyuta ndogo nyumbani kwake kwa ajili ya wengine, wana ghala imara kuliko tajiri mwenye mashine za fahari chini ya paa moja. Na hapa pana kisa kinachostahili kukumbukwa na kila mpimaji. Katika matoleo ya awali programu hii ilihesabu vipande vilivyowekwa, haikuhesabu seva zilizoviweka, kwa hiyo iliwezekana vipande vyote kumi vikalala kwenye mashine moja na mwenye mali akaambiwa kwamba kazi imefanikiwa. Mwaka 2010, katika toleo la 1.7, kipimo kilibadilishwa kikawa ni seva tofauti. Na kwa kawaida zisipopatikana seva 7 tofauti, programu hukataa kupakia na husema wazi kwamba imekataa. Mabadiliko hayo hayakuongeza chochote cha kuvutia machoni. Yaliondoa uongo mmoja, nami nayahesabu miongoni mwa kazi bora walizozifanya.

Kusoma hakutoshi, ghala hupimwa kwa kuhujumiwa. Mpimaji na ajenge mtandao mdogo wa seva kumi, aweke humo faili asilolionea uchungu, kisha azizime seva saba na kuliomba faili. Litarudi. Azime ya nane, aombe tena. Na hapa ndipo atazame kwa makini, kwa kuwa ubora haujulikani kwa kufaulu pekee, hujulikana zaidi kwa adabu ya kushindwa. Ghala jema litasema vimepatikana vipande viwili ilhali vitatu vyahitajika. Ghala baya litazunguka bila kikomo au litatoa faili lililokatika bila neno. Kisha awashe seva tena, achukue kipande kimoja na kukiharibu kwa makusudi. Programu yenyewe ina zana ya uchunguzi inayopindua biti moja ndani ya kipande, na biti moja yatosha. Lango linapaswa kuligundua doa lile kwa muhtasari wa kihesabu uliopangwa kwa matawi, kukitupa kipande, na kukamilisha kazi kwa vipande vingine, na baiti zilizorudi ziwe zile zile zilizowekwa. Mwisho aamuru ukaguzi pamoja na ukarabati, aone vipande vilivyopungua vikitengenezwa upya. Asiyeyafanya haya hajapima, amesoma tangazo tu.

Huwapima mafundi pia kwa namna wanavyozitaja aibu zao. Hapo awali ufunguo wa faili katika Tahoe-LAFS ulitokana na maudhui ya faili lenyewe, ili watu wawili wenye faili moja wasilihifadhi mara mbili. Lilikuwa wazo la busara, lakini mwaka 2008 ilibainika kwamba lina upenyo: adui anayelijua karibu faili lote, mathalani barua rasmi ambayo kilichofichika ndani yake ni tarakimu chache tu, aweza kujaribu kila tarakimu mpaka apate inayolingana. Wajenzi waliutangaza upenyo huo, wakauziba kwa kuchanganya katika ufunguo siri ya nasibu ya kila mtumiaji. Mpaka leo programu huambatana na waraka wa dosari zinazojulikana, nao ndio ukurasa ninaoutafuta kwanza katika programu yoyote ya aina hii; ukikosekana, mashaka yangu huongezeka papo hapo. Katika nyaraka zao utakuta onyo kwamba watu wawili wasiliandikie faili moja kwa wakati mmoja, na utafahamu kwamba lango huuona kila mstari na kila faili likiwa wazi, hivyo anayelitumia lango la mtu mwingine amemkabidhi mtu huyo siri zake zote. Lango likae katika kompyuta yako mwenyewe. Katika jambo hilo mimi sina rukhsa ya kutoa.

Ama kuhusu matoleo mapya, nazingatia mambo machache. Uthabiti wa ahadi ndio mkubwa: toleo la 1.0 lilitoka Machi 2008, na kwa miaka mingi tangazo baada ya tangazo wajenzi walikariri kwamba toleo jipya laendelea kuandika kwa muundo unaofahamika na matoleo yote tangu lile. Uhamisho wa programu kutoka lugha ya Python 2, iliyoachwa rasmi mwaka 2020, kwenda Python 3 ulikuwa kazi ndefu isiyo na shangwe, na mtumiaji wa kawaida hakuona tofauti yoyote. Hiyo ndiyo sifa yake. Matoleo ya karibuni yanaleta itifaki mpya ya HTTPS mahali pa ile ya zamani iitwayo Foolscap, jambo ninaloliunga mkono, maana itifaki inayojulikana na wengi hukaguliwa na wengi, na msimbo mchache wa pekee ni dhima chache za kubeba.

Hata hivyo, nisingezigeuza seva zote siku moja. Thibitisha kwanza sahihi ya kidijitali ya wajenzi juu ya toleo ulilolipakua. Geuza seva moja, uiache ifanye kazi pamoja na zile za zamani. Tazama kama muda wa kukodi vipande, yaani muda ambao seva huombwa kuvitunza, na ambao kwa desturi ni siku 31, unaongezwa upya ipasavyo, hasa kama wenye seva wameamua kufuta vilivyokwisha muda. Kisha utafute mstari wa zamani kuliko yote ulio nao, uupe lango jipya, na ulilinganishe faili litakalorudi na nakala uliyoiweka pembeni, baiti kwa baiti. Likilingana, endelea na seva ya pili. Lisipolingana, rudi kwenye toleo la awali na uwaandikie wajenzi, ukieleza namba ya toleo, mfumo wa kompyuta yako na hatua ulizozifuata; lakini mstari wenyewe usiutie katika barua.