Tundu la Ushanga

Bibi aliupokea uzi wangu wa shanga kwa mikono miwili, akaulaza mapajani juu ya kanga, akafumba macho. Akaanza kuzipitisha shanga moja moja kati ya dole gumba na kidole cha shahada, bila haraka, kama mtu anayepukuchua mbaazi. Mmoja akaugusisha kwenye jino la mbele. "Kioo," alisema. "Si plastiki." Kisha akauinua uzi kwenye mwanga wa mlango, akazitenga shanga mbili kwa kucha na kutazama mahali zinapokutana.

"Hizi hazijavaliwa na mtu, mjukuu wangu."

"Zimefukuliwa, Bibi. Zilikuwa ardhini."

"Na kabla ya ardhini zilikuwa kwa nani? Mtu alizioka tu, akazifukia?"

Nilikuwa nimezinunua jijini, katika duka moja la vinyago, kwa fedha ambayo sikumtajia. Muuzaji aliniapia kwamba ni shanga za Kirumi kutoka Rufiji. Zilikuwa na rangi ya bahari, zimefubaa, na matundu yake yalikuwa na matope makavu. Nami nilitaka sana kuamini. Nimekulia Kibiti, kwenye barabara ya Kilwa, mahali ambapo abiria wa Lindi na Mtwara hushuka kununua korosho na kupanda tena basi, na habari iliyowahi kunipa fahari kubwa kuliko zote kuhusu udongo wetu ni habari ya shanga. Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba Mkukutu, huku huku kwetu, akapata shanga za kioo zilizotambuliwa kuwa za Kirumi, zikiwa pamoja na mabaki ya watu wa zama za mwanzo za chuma. Mwaka 1999 taarifa hiyo ilitoka katika jarida la Current Anthropology. Kwa wanaosoma habari za pwani halikuwa jambo dogo. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, unaitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania, na miongoni mwa bidhaa zilizoletwa huku unataja mikuki, mashoka, visu na vijiwe vya kioo vya namna mbalimbali. Wasomi wamebishana miaka mingi kuhusu mahali Rhapta ilipokuwa. Chami anaiweka upande wetu wa Rufiji.

Kwa hiyo uongo wa muuzaji ulikuwa umesimama juu ya kweli, na ndiyo maana ulinipata.

Bibi hakuwahi kuisoma Periplus. Kazi yake kwa zaidi ya miaka hamsini imekuwa kutunga shanga za wali. Mimi mwenyewe, nilipotolewa ndani, nilivaa utunda wa mkono wake. Anajua uzi wa aina gani hukatika kwa jasho na upi hudumu, anajua rangi gani ikae jirani na ipi, na kuliko yote anajua kitu ambacho mnunuzi wa dukani hana sababu ya kukijua: shanga zinapokaa mwilini miaka kwa miaka hulana. Kila ushanga humsugua jirani yake. Ncha ambazo zilikuwa mviringo hupata bapa dogo, kama bega, na mabega ya shanga mbili zilizokaa pamoja muda mrefu hupatana kama kinu na mchi wake. Uzi nao hula. Tundu lililotoka kiwandani likiwa duara hurefuka upande mmoja na kufanana na yai, kwa sababu mwili huvuta uzi upande uleule kila siku.

Alikwenda chumbani, akarudi na utunda wa mama yake. Ilibidi niulete karibu sana na jicho ndipo nione. Mdomo wa kila tundu ulikuwa umelainika, una kijifereji upande mmoja, na ndani ya kijifereji kioo kiling'aa kuliko sehemu nyingine yoyote ya ushanga. Nilipourudia uzi wangu niliona matundu makali, safi, duara kama yaliyochorwa kwa bikari. Matope ya dukani yalitoka kwa maji ya glasi moja, yakatoka kwa mabamba, kama gundi inavyobanduka.

Tangu siku ile nimejifunza kuanza na tundu. Mwenye kughushi hufanya kazi yake usoni, kwa kuwa ndiko macho ya mnunuzi yanakokwenda. Huukwaruza uso wa ushanga, huufubaza kwa tindikali, huupaka majivu. Lakini tundu la ushanga mdogo ni jembamba kuliko njiti ya kibiriti, na kulizeesha kwa mkono ni kazi isiyolipa. Nimesoma kwamba hata wapimaji wa tsuba za Japani, kile chuma bapa kinachokinga mkono kati ya mpini na ubapa wa upanga, hawaridhiki na nakshi ya usoni peke yake, hata ipendeze vipi. Hulitazama pia tundu la katikati, linalopitisha shina la upanga. Tsuba iliyotumika huenda ilihamishwa kutoka upanga mmoja hadi mwingine, na kila fundi aliyeihamisha aligonga kingo za tundu kwa tindo au kupachika kipande cha shaba ili ikae bila kucheza. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu haina historia hiyo, na pale ilipo imeigizwa, alama hukaa mahali ambapo hazikazi kitu. Sijawahi kushika tsuba. Lakini niliposoma habari hiyo niliuona mkono wa Bibi mlangoni.

Baada ya tundu, mwili wa kioo. Hapa kinatakiwa kioo cha kukuzia, na mwanga uwe nyuma ya ushanga. Ushanga wa kuvuta hutokana na mrija mrefu wa kioo cha moto uliovutwa ukawa mwembamba, ukakatwa vipande, vipande vikarudishwa motoni ili ncha zilainike. Mapovu yaliyobaki ndani yake hurefuka kufuata njia ya tundu, kama mbegu za tango. Ushanga wa kuzungusha hufanywa mmoja mmoja, uzi wa kioo cha moto ukizungushwa kwenye ufito wa chuma, na michirizi yake huuzunguka mwili kama kamba kwenye gogo. Ushanga wa kalibu una mstari ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, hata kama umesuguliwa. Nikaja kujua kwamba zangu zilikuwa za kalibu, zote, na mstari wake ulikuwa umefichwa kwa msasa.

Na ngozi je? Kioo kilichokaa ardhini karne nyingi huchunwa na unyevu. Hufanya tabaka nyembamba mno zenye rangi za upinde wa mvua, zile unazoziona mafuta yakimwagika juu ya maji. Uchakavu huo hauendi sawasawa: upande ulioshika unyevu huliwa zaidi, upande wa pili hubaki na uhai wake. Tindikali haina subira ya kuchagua upande. Huufubaza ushanga wote kwa siku moja.

Ningependa kusema kwamba hapo kazi imekwisha, lakini jicho lina mpaka wake, na heshima ya kazi hii iko katika kuukubali mpaka huo. India ilitengeneza vishanga vidogo vya kuvuta, vya rangi moja, kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, na mbinu haikubadilika sana. Shanga zenye karatasi ya dhahabu kati ya tabaka mbili za kioo zilitengenezwa enzi za Wayunani, zikaendelea enzi za Warumi, na bado zilikuwa zikitengenezwa Uislamu ulipokwisha kuenea. Umbo ni lile lile. Macho yenye uzoefu wa miaka hamsini yanaweza kukwambia ushanga ni wa zamani, yasiweze kukwambia ni wa zamani ipi.

Ndipo wanapoingia wenye maabara, na jawabu lao lina harufu ya jikoni kwetu. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa, na mchanga hauyeyuki kwa moto wa kawaida mpaka uchanganywe na kitu cha kuulainisha. Wayeyushaji waliolisha viwanda vya Kirumi walitumia magadi, yaliyotoka hasa Wadi Natrun, Misri; magadi ya jamii ile ile tunayotia kwenye maharage. Kuanzia karne ya 9 hivi, mafundi wa Mashariki ya Kati walihamia kwenye majivu ya mimea ya nyika zenye chumvi. Majivu huacha potasiamu na magnesiamu nyingi ndani ya kioo. Magadi huacha kidogo sana. Kioo cha India mara nyingi kina alumina nyingi kutokana na mchanga wake. Leo mwale wa leza unachukua chembe isiyoonekana kwa macho kutoka kwenye ushanga, na chembe hiyo inapimwa ili kujua kama fundi alitia magadi au majivu. Ushanga unabaki mzima. Kazi hiyo naistahi sana, lakini hata yenyewe humwambia mpimaji kioo kiliyeyushwa kwa nini, na haimwambii ushanga ulifikaje Kibiti.

Hilo linasemwa na ardhi. Shanga za Mkukutu zina uzito kwa sababu zilitolewa kwenye tabaka lake, zikiwa na majirani zake. Shanga hizo hizo zingekutwa kwenye sahani ya muuzaji, zingekuwa pambo zuri tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa kikwazo kwa mkulima aliyeokota kitu shambani kwake. Mimi naiona kuwa upande wa ushanga. Kila anayefukua usiku ili auze asubuhi anaukata ulimi wa kitu anachokiuza.

Jioni ile, kabla sijaondoka, Bibi alileta kopo la maziwa lenye mfuniko. Ndani, kwenye pamba, kulikuwa na shanga tatu alizookota mwenyewe shambani. Mmoja ulikuwa mwekundu, na ncha yake ilionyesha moyo mweupe: samesame, ushanga wa misafara ya karne ya 19. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita bara mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, anautaja kati ya aina nyingi za shanga, kila moja na jina lake na nchi iliyoipenda. Mfanyabiashara aliyekosea rangi alifika Ujiji na mzigo usionunua hata muhogo. Zilihesabiwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo moja. Mbili nyingine zilikuwa ndogo, za kijani cha buluu, ncha zimelainishwa kwa moto, na mapovu yake yalikuwa marefu. Upande mmoja wa kila moja ulikuwa umeliwa. Upande wa pili ulikuwa bado unang'aa.

Nilihisi mapigo ya moyo vidoleni. Nilimuuliza aliziokota wapi, nikidhani atasema "huko shambani" na kunyamaza. Alijibu kama mtu anayeeleza njia ya kwao. Nyekundu ilikuwa njiani kuelekea kisimani, peke yake, mwaka ule barabara ilipokuwa inawekwa lami. Mbili za kijani ziliokotwa siku moja, baada ya masika, pale maji yalipochimba mfereji chini ya mkorosho wa tatu kutoka kwenye kichuguu. Hatua mbili zilitenganisha moja na nyingine, na kulikuwa na vigae vizito vyenye michoro ya kukwaruzwa kwenye mdomo. Vigae hakuvigusa.

"Vipo bado?"

"Nani avichukue? Havitungiki."

Nikachana karatasi mbili kwenye daftari langu. Bibi alisema, mimi nikaandika: kichuguu, mkorosho wa tatu, mfereji, masika, hatua mbili, vigae. Aliniambia niongeze kwamba mfereji ulikuwa na kina cha kufika gotini mwake, si mwangu. Nikaongeza. Akaikunja karatasi, akaifunga pamoja na zile mbili kwenye pamba yake, na ya nyekundu akaifunga peke yake. Uzi wangu wa dukani aliuning'iniza kwenye msumari wa mlango, akasema utamfaa mtoto kuchezea.