Sindano Isiyo Sindano: Juu ya Istilahi za Kuvutia Dawa

Neno sindano limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili cha tiba. Mama wa Miyuji, Dodoma, akisema kuwa mwanawe amechomwa sindano, ataja tendo la kutiwa dawa mwilini. Akiagizwa kununua sindano, huuziwa bomba pamoja na ncha yake. Kwa fundi cherehani jirani yake, sindano ni chuma chembamba chenye tundu. Wasemaji hawababaiki, kwani muktadha huwaongoza. Taabu humpata mfasiri anapokabiliwa na kifaa ambacho sifa yake kuu ni kutokuwa na sindano.

Twakusudia kile kifaa kidogo cha plastiki kinachotoboa kizibo cha mpira cha kichupa na kufungua njia ya dawa kuvutwa hadi kwenye bomba. Faida yake ni kuwa muuguzi hashiki ncha kali anapotayarisha dawa, hivyo hajichomi. Mgonjwa, hata hivyo, aweza kuchomwa kama desturi, baada ya ncha kutiwa bombani. Sasa, tafsiri ya neno kwa neno, "kifaa cha dawa bila sindano", yamwambia nini mzazi? Kwamba mtoto hatachomwa, mithili ya anayepewa matone ya chanjo ya polio. Ncha itakapotokea mzazi atajiona amehadaiwa, na lawama itamshukia muuguzi, wala si mfasiri.

Zito zaidi ni kuchanganya kichupa na ampuli. Ampuli ni kioo kitupu: huvunjwa shingo, haina kizibo cha kutobolewa, na ikishafunguliwa haihifadhiki. Kichupa kina kizibo cha mpira, na vichupa vingine hubeba dozi nyingi zinazovutwa kwa nyakati mbalimbali. Anayeyafanya maneno haya visawe humpa mhudumu agizo lisilotekelezeka.

Kifaa chenyewe tukiiteje? "Kivutadawa" lafuata njia ya kipimajoto, lakini kinachovuta dawa ni bomba. Kifaa hiki ni njia tu. (Kivutio nacho kimekwisha kuchukuliwa na watalii.) Sisi twapendekeza mrija wa kichupa. Aliyepata kutoboa pakiti ya maziwa kwa mrija akanywa, ameielewa kazi yake bila kufundishwa. Pingamizi tunaloliona ni kwamba wodini mrija pia ni ule wa dripu. Kwa hiyo "wa kichupa" lisidondoshwe, hata kwa kufupisha.

Yabaki "bomba la sindano". Litatatiza mara mfasiri atakapolazimika kuandika "bomba la sindano lisilo na sindano". Katika maandishi ya kitaalamu, ncha iitwe sindano, na chombo kiitwe bomba tu, neno tulilolipata kwa Wareno. Wodini hapana atakayelidhania bomba la maji.