Njia Kwanza, Bawa Baadaye: Mwongozo wa Kuupima Mlango wa Kuteleza, Kutoka Behewa la Mizigo hadi Geti la Njiru

Mlango wa kuteleza, uwe ubavuni mwa behewa la mizigo au mbele ya ploti mtaani Njiru, huubeba uzito wake kwa namna iliyo mbali na ile ya mlango wa bawaba, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kumwongoza yeyote anayetaka kuupima ubora wake. Mlango wa bawaba huning'inia kwenye mwimo mmoja, yaani nguzo ya pembeni, nao mwimo huo huubeba uzito wote siku zote. Mlango wa kuteleza huuhamisha uzito wake kila unaposukumwa, hivyo kila sehemu ya njia unayopita hulazimika kuumudu kwa zamu. Mtu anayetazama uso wa geti peke yake, akasifu rangi, maua ya chuma na mikuki iliyopangwa juu, huwa amechunguza sehemu iliyo rahisi kuliko zote kutengeneza, na kuiacha ile itakayoamua kama geti hilo litafunguka kwa mkono mmoja baada ya miaka mitano.

Njiru, iliyo mashariki mwa Nairobi kando ya Barabara ya Kangundo, inafaa sana kwa uchunguzi wa aina hii. Ploti nyingi za upande huo ni za futi 40 kwa 80 au 50 kwa 100, na vichochoro vinavyozihudumia ni vyembamba, kwa hiyo geti linalofungukia nje huziba njia ya jirani, na linalofungukia ndani humnyima mwenye nyumba nafasi ya kuegesha gari. Geti la kuteleza, linalojificha kando ya ukuta wa ploti yenyewe, huondoa matatizo yote mawili. Karakana za mafundi wa kuchomelea zimejipanga barabarani, na kazi zao huonekana mchana kweupe kabla hazijapakwa rangi. Tena reli ya kwenda Nanyuki hupita Dandora, mtaa ulio jirani, na kanuni zile zile zilizouumba mlango wa behewa ndizo zinazolihukumu geti la ploti.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, ikiwa na upana wa mita 1 kati ya pau mbili za chuma. Katika reli yoyote ya mizigo, behewa lililofunikwa, yaani lenye kuta na paa kwa ajili ya shehena isiyopaswa kulowa, lina shida ambayo mwenye ploti wa Njiru ataitambua mara moja: nafasi ya kando ni finyu. Mlango wa bawaba ukifunguliwa ubavuni hujitokeza kuelekea reli ya pili, au hugonga jukwaa la kupakulia, na ukisahauliwa wazi wakati treni inaondoka unaweza kukumba nguzo au mtu. Mlango unaoteleza sambamba na ubavu hauhitaji nafasi hiyo, na huweza kufunguliwa hata behewa likiwa limesogezwa hadi karibu kabisa na ghala. Hata hivyo, faida hiyo huja na gharama yake, kwa kuwa mlango huo haushikwi na bawaba yoyote. Kinachouzuia usianguke ni reli yake na vishikizo vyake tu, huku magunia yakiuegemea kwa ndani na mtikisiko wa safari nzima ukiupiga kutoka chini. Ndiyo maana kanuni za usalama wa reli nchini Marekani hutaka milango ya pembeni ya mabehewa yaliyofunikwa iwe na vishikizo vinavyofanya kazi, vya kuuzuia mlango usichomoke njiani, na behewa lisilo navyo haliruhusiwi kuendelea na kazi. Sharti hilo halisemi neno lolote kuhusu uzuri wa bawa, yaani lile bamba zima linalosogea. Linahusu mshiko wake tu, na huo ndio mpangilio sahihi wa mambo.

Makasha ya mizigo, ambayo milango yake miwili ya nyuma ni ya bawaba, yamechukua sehemu kubwa ya kazi ya behewa lililofunikwa, hasa tangu bandari ya nchi kavu ya Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1984, na zaidi baada ya reli mpya yenye upana wa milimita 1,435 kuunganisha Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Elimu ya mlango wa kuteleza haikupotea kwa sababu hiyo, maana leo inaishi katika mageti, katika maghala na katika vibanda vya biashara.

Jambo la kwanza la kupima ni uzito wenyewe, kwa kuwa fundi asiyeujua hawezi kuchagua gurudumu wala reli. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa takriban kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Geti lenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2.2 lina eneo la mita za mraba 8.8, na likivikwa bamba la geji 16, ambalo kwa kawaida lina unene wa milimita 1.5, bamba peke yake litafikia kilo 104 hivi. Likivikwa geji 18, yenye milimita 1.2, litapungua hadi kilo 83. Ikiongezwa fremu ya chuma cha mraba chenye uwazi ndani, cha milimita 50 kwa 50, jumla hukaribia kilo 170 kabla ya pambo lolote. Ikumbukwe kwamba katika geji, namba inapopanda unene hushuka, jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulitumia dhidi ya mnunuzi asiyelijua. Bamba jembamba si kosa lenyewe, kwa sababu wahandisi wa mabehewa walikwisha kuonyesha kwamba bamba lililokunjwa mikunjo hupata ugumu ambao bamba bapa la unene ule ule haliwezi kuufikia. Geti la geji 18 lenye mikunjo iliyopigwa vizuri na mhimili wa mshazari ndani ya fremu linaweza kulishinda geti bapa la geji 16 linalopwaya kila upepo unapovuma. Pambo zito la chuma cha kumwaga, kwa upande mwingine, huongeza kilo bila kuongeza nguvu, na anayelitaka anapaswa kulipia pia magurudumu makubwa zaidi.

Kuhusu magurudumu kuna njia mbili za kulibeba bawa. Katika njia ya kwanza bawa huning'inia kwenye roda, yaani magurudumu madogo yenye mfereji, zinazotembea katika reli ya juu, na sehemu ya chini huongozwa tu isiyumbe. Njia hii huyaepusha magurudumu na matope, lakini hudai boriti imara juu ya uwazi, na boriti hiyo huwa kikwazo kwa lori refu. Katika njia ya pili, iliyo ya kawaida Njiru, uzito hukaa chini juu ya magurudumu yanayotembea kwenye chuma cha pembe kilichogeuzwa, mgongo ukiwa juu, au kwenye nondo ya mviringo iliyozikwa nusu katika zege. Mgongo wa chuma cha pembe humwaga mchanga pande zote mbili, na kwa sababu hiyo unafaa kuliko mfereji wowote ulio wazi juu, ambao hujaa changarawe ndani ya wiki chache. Gurudumu kubwa huvuka kijiwe kinachokwamisha gurudumu dogo, kwa hiyo la milimita 80 au 100 linafaa kupendelewa kuliko la 60. Beringi, yaani kile kitovu chenye gololi kinachoruhusu gurudumu kuzunguka bila kusuguana na ekseli, iwe imefungwa pande zote, kwa kuwa vumbi la Njiru wakati wa kiangazi ni laini na huchanganyika na grisi hadi ikawa msasa.

Hata hivyo, dalili iliyo bora kuliko zote ni namna gurudumu lilivyofungwa. Kila gurudumu litachakaa siku moja, hivyo fundi anayelifunga kwa bolti na nati amefikiria siku hiyo, na fundi anayelichomelea moja kwa moja kwenye fremu amemwachia mwenye nyumba kazi ya kukata chuma. Tofauti hii haionekani mtu akiwa amesimama. Inabidi ainame, na mnunuzi anayeinama huheshimiwa na fundi mwema. Wabunifu wa baadhi ya mabehewa ya Marekani walikwenda mbali zaidi katika kuzihifadhi beringi, wakaweka wenzo wa kuuinua mlango juu ya magurudumu wakati wa kuufungua tu, ili behewa linapokwenda mlango ukae juu ya reli yake, na mapigo ya safari yasizifikie gololi. Geti la nyumbani halihitaji ufundi huo, lakini wazo lake ni la kuheshimiwa.

Chini ya reli kuna ardhi, na hapa ndipo Njiru inapokuwa mwalimu mkali. Sehemu kubwa ya mitaa ya mashariki mwa Nairobi imejengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba unaponyonya maji ya masika kati ya Machi na Mei, na husinyaa na kupasuka kiangazi kinapokaza. Reli iliyowekwa juu ya ukanda mwembamba wa zege uliomwagwa moja kwa moja kwenye udongo huo itapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na hakuna gurudumu wala grisi itakayoirekebisha. Fundi anayeijua ardhi yake huchimba na kuuondoa udongo mweusi hadi kwenye moramu au mwamba, ambao katika eneo lenye machimbo ya mawe kama Njiru mara nyingi hauko mbali, kisha humwaga boriti ya zege yenye nondo kwa urefu wote wa njia, pamoja na ile sehemu ya nyuma ambako geti hujificha. Sehemu hiyo ya nyuma husahauliwa mno, kana kwamba geti likiwa wazi halina uzito. Maji nayo yaachiwe pa kupita, kwa kuinua reli kidogo na kuacha mapengo madogo katika zege iliyoizunguka, kwa sababu reli inayogeuka bwawa kila mvua inyeshapo huliwa na kutu upande usioonekana.

Kipimo cha njia ni rahisi na hakidanganyi. Geti lisukumwe hadi katikati, liachwe, nalo likae pale pale. Likianza kwenda lenyewe, reli haiko sawa, na lile linalokwenda lenyewe leo polepole litakwenda kwa kasi mtoto akiwa njiani. Kisha lisukumwe kwa mkono mmoja mwendo mzima, kwa kusikiliza: mlio mmoja unaoendelea ni dalili njema, na mlio unaokatika mahali pamoja kila mara huonyesha maungio ya reli ambayo hayakusawazishwa kwa grainda.

Suala la geti kuanguka linastahili kushughulikiwa kwa uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa kilo 170 zikimwangukia mtu haziachi nafasi ya kurekebisha. Bawa linalotembea chini halisimami lenyewe. Hushikwa wima na roda za nailoni zilizofungwa juu kwenye nguzo ya mwongozo, zikilibana pande zote mbili. Nguzo hiyo ikiwa nyembamba, au roda zikiwa jozi moja tu mahali ambapo bawa karibu liziache likiwa limefunguka kabisa, geti ni hatari hata kama linang'aa. Bawa linapaswa kuwa refu kuliko uwazi linaoufunga, ili likifika mwisho wa safari pande zote mbili bado libaki ndani ya mshiko wa roda, na vizuizi vya chuma visivyoweza kung'olewa kwa teke viwe mbele na nyuma, vimefungwa kwenye zege au kwenye nguzo. Geti lisilo na kizuizi cha nyuma halifai kununuliwa kwa bei yoyote, na fundi anayeliuza anapaswa kuambiwa hivyo.

Usalama dhidi ya mwizi unafuata mantiki hiyo hiyo. Katika behewa, mlango hufungwa kwa komeo, kisha hutiwa lakiri, yaani alama ya kufungia isiyoweza kufunguliwa bila kuvunjwa, ili ijulikane kama mkono mwingine ulipita. Lakini lakiri haina maana ikiwa mlango mzima unaweza kuinuliwa ukatoka relini huku lakiri ikiwa nzima. Wenye mageti wengi hununua kufuli la bei ghali na kulisitiri ndani ya kisanduku cha chuma, ilhali mtaimbo mmoja chini ya bawa ungeliinua geti likatoka kwenye reli. Kipande kifupi cha chuma kilichowekwa juu ya bawa, kikiacha nafasi ndogo kuliko kimo cha mgongo wa reli, huuzuia wizi huo kwa gharama ndogo sana.

Uchomeleaji wenyewe ukaguliwe kabla ya rangi. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayofanana, hauna vitundu, na umekwenda mfululizo katika pembe za fremu, ambako nguvu hukusanyika. Nukta zilizoachana zinatosha kulishikilia bamba, lakini hazitoshi pembeni. Fila, ule mchanganyiko mzito wa kusawazishia unaotumiwa na wapaka rangi wa magari, ina kazi yake halali ya kulainisha uso, ila ikitumika kuziba pengo ambalo chuma kilipaswa kulijaza, itapasuka na kuyaingiza maji ndani ya fremu. Rangi ya msingi ya kuzuia kutu ipakwe pia upande wa ndani na chini ya bawa, mahali ambapo brashi ya mvivu haifiki.

Anayekusudia kuagiza geti Njiru anashauriwa aanze kwa kuomba kuonyeshwa geti ambalo fundi huyo alilifunga zaidi ya mwaka mmoja uliopita na ambalo limekwisha kupitiwa na masika, alifungue mwenyewe, ainame atazame magurudumu na zege iliyo chini yake, na katika mapatano ya bei atenge fedha za msingi na reli kwanza, kabla ya kuzungumzia maua.