Baiskeli Kando ya Mfereji: Jinsi Ziara ya Mto wa Mbu Inavyoendeshwa

Mto wa Mbu ni mji mdogo wa wilaya ya Monduli, chini kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, kilomita 37 hivi kutoka Makuyuni kwenye barabara ya kwenda Karatu na Ngorongoro. Mto uliozaa jina la mji hushuka kutoka ukingoni, hupita kati ya nyumba na migomba, kisha maji yake huelekea Ziwa Manyara. Ziara za baiskeli za hapo hufuata mwendo huohuo wa maji. Mkazi wa Nambis, juu kwenye nyanda za Mbulu, anaishi upande wa juu wa ukuta uleule wa Bonde la Ufa, na tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo inayoeleza kwa nini ziara ya namna hii ilishika mizizi bondeni kwanza.

Hadi katikati ya karne ya 20 eneo hilo lilikuwa kavu na lenye wakazi wachache. Umwagiliaji ulipopanuliwa katika miaka ya 1950, wakulima walimiminika kutoka kila upande: Wachaga na migomba yao, Wairaqw kutoka Mbulu, Warangi kutoka Kondoa, na wengine wengi hadi mji ukajulikana kuwa na makabila zaidi ya 120. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, lilishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania kuanzisha mpango wa utalii wa kitamaduni, na Mto wa Mbu ukawa miongoni mwa vituo vyake vya awali. Magari ya watalii yalikuwa yakipita mjini bila kusimama, yakikimbilia hifadhi. Baiskeli ilikuwa njia rahisi ya kumfanya mgeni ashuke garini, aingie vijijini, na aache fedha yake huko.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuchagua njia, na Mto wa Mbu sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikwisha kufanywa na wachimbaji wa mifereji. Mfereji wa umwagiliaji ukiwekwa kwenye mteremko mkali, maji hukimbia na kukata kingo; ukiwekwa tambarare mno, maji husimama na tope hujaa. Kwa hiyo mchimbaji hutafuta mteremko mdogo sana, naye huufuata hata akilazimika kuzunguka. Tuta la udongo linaloachwa kando ya mfereji, likishakanyagwa na miguu ya wakulima, huwa njia nyembamba yenye mwinuko usiohisiwa kabisa na mpanda baiskeli. Mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu utotoni anaweza kuifuata bila kuishiwa pumzi. Paris ililazimika kuyaondoa magari kwenye barabara ya ukingo wa kushoto wa mto Seine mwaka 2013 ili watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wapate nafasi. Mto wa Mbu haukuhitaji ujenzi wowote wa namna hiyo, kwa sababu njia ilitangulia ziara.

Lakini tuta la mfereji ni sehemu ya kazi ya mtu. Mkulima hupita juu yake na jembe na mzigo wa ndizi, na tairi zikipita mfululizo juu ya tuta lililolowa, udongo hubomoka na maji humwagikia shamba ambalo si zamu yake ya kumwagiliwa. Waongozaji wazuri hushusha watu na kusukuma baiskeli mahali tuta linapokuwa laini, na hubadili njia kabisa shamba linapofunguliwa maji. Hilo ni jambo la ufundi kama lilivyo la adabu: mfereji ukibomolewa, njia yenyewe hupotea.

Majira nayo huamua mengi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa tambarare ya ziwa hunata kwenye tairi hadi gurudumu lisizunguke, na mito inayoshuka ukingoni huweza kufurika hadi mjini. Wakati wa kiangazi tatizo hugeuka kuwa vumbi jepesi na miiba ya migunga. Joto la bondeni, kwenye kimo cha takriban mita 960 juu ya usawa wa bahari, hufanya saa mbili au saa tatu asubuhi kuwa muda bora wa kuanza. Ziara ikianza mapema, wageni pia huwa wamerudi kabla ya jioni, mbu wanapoanza kuuma.

Baiskeli zinazotumika ni zile za milimani: tairi pana zenye meno, gia kadhaa, breki za mkono mbele na nyuma. Baiskeli nzito ya gia moja inayobeba maziwa na mkaa ni imara kuliko hizo, ila fremu yake ni kubwa kwa watu wafupi na uzito wake humchosha mgeni. Upepo wa tairi hupunguzwa kidogo kwenye mchanga ili tairi itandae, na huongezwa kwenye njia ngumu ili tyubu isibanwe na rimu. Mwongozaji hubeba pampu, tyubu ya akiba, viraka, gundi na spana, maana mwiba wa mgunga hautofautishi tairi jipya na kuukuu. Kimo cha siti hupimwa kabla ya kuondoka: mguu ukiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Siti iliyo chini mno huumiza magoti baada ya kilomita chache, na ndilo kosa linalopuuzwa kuliko yote.

Kisha kuna suala la breki, ambalo linastahili dakika tano kamili za maelezo. Kwenye baiskeli zilizofungwa kwa desturi ya Kiingereza, mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Kwenye zile za Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, breki ya mbele iko kushoto. Mgeni aliyezoea kubana mkono wa kulia ili kusimamisha gurudumu la nyuma anaweza kufunga ghafla gurudumu la mbele na kurushwa juu ya usukani. Vilevile, Tanzania huendesha kushoto, na wageni wengi wametoka nchi za kuendesha kulia. Hatari kubwa zaidi kwao iko mahali pa kukata barabara kuu ya lami, pale jicho linapotazama upande usiofaa. Kwa hiyo kundi husimama, hushuka, na huvuka kwa miguu kwa ishara moja ya mwongozaji. Kofia ngumu huvaliwa tangu mahali pa kuanzia.

Mpangilio wa kundi ni rahisi. Mwongozaji hutangulia na kuweka mwendo wa mtu aliye mnyonge kuliko wote. Kundi likiwa kubwa, mwenzake hufunga mkia akiwa na zana. Kati ya baiskeli na baiskeli huachwa nafasi ya kutosha kusimama ghafla kwa ajili ya mbuzi au mtoto. Mkono ukiinuliwa juu, wote hupunguza mwendo. Maelezo hayatolewi mwendoni, kwa sababu anayegeuka kusikiliza huingia mferejini. Maji hayo yenyewe hayaogewi: yaliyotulia huweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho.

Vituo vya ziara hupangwa kwa namna maji yanavyotumika. Juu, karibu na ukingo, ni mashamba ya migomba, yakiwemo ya ndizi nyekundu, na pombe ya ndizi ya Kichaga. Katikati ni wachongaji wa Kimakonde wa mpingo, pamoja na wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Chini ni majaruba ya mpunga, na kwingine mafunjo ambayo Warangi hufumia mikeka. Mpangilio huu una akili: mgeni huona maji yaleyale yakilisha kazi tatu tofauti, na huelewa mji bila hotuba ndefu. Picha ya mtu hupigwa baada ya kuombwa. Njia haiingii ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, yenye tembo na nyati.

Malipo hugawanywa: sehemu ya mwongozaji, sehemu ya baiskeli na matengenezo, sehemu ya wenye vituo, na mchango wa maendeleo ya kijiji. Mchango huo ndio unaowafanya wenye mashamba wavumilie wageni kwenye matuta yao, na mahali unapocheleweshwa au kufichwa, njia hufungwa kimyakimya.

Kuupeleka utaratibu huu Mbulu kunahitaji kuuchukua kwa vipande. Nyanda za Mbulu ni migongo na mabonde. Mto huko hukimbia kwenye korongo badala ya kusambazwa kwa mifereji mirefu, hivyo njia ya kando ya mto huwa na miinuko mikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo vibanda na maegesho lazima viwe nje ya hapo. Katika wilaya jirani ya Hanang kuna jambo zito zaidi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilifuata mikondo ya maji hadi Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Njia yoyote ya baiskeli inayofuata mkondo chini ya Mlima Hanang inapaswa kuwa na mahali pa kutokea kila baada ya mwendo mfupi, na kufungwa siku za mvua kubwa bila kusubiri amri.

Kinachofaa Mbulu ni kufuata migongo, ambako barabara za vijiji tayari zimetafuta mwinuko mdogo, na kushukia mtoni kwa miguu mahali palipochaguliwa. Mteremko mrefu wa kushukia bondeni kama ule wa Magara, kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, haufai kwa wageni wasio na uzoefu: breki za raba zikibanwa mfululizo hupasha rimu moto hadi tyubu hupasuka. Sehemu kama hiyo hushukwa kwa gari, baiskeli zikiwa zimefungwa juu yake, na ziara huanza tena bondeni.