Kuvuja Kuna Saa Yake

Katika kazi zote ambazo binadamu huzifanya ndani ya nyumba yake bila ya kutazamwa wala kupigiwa makofi, sijui kama ipo iliyonyimwa heshima yake kuliko kazi ya kutafuta mahali panapovuja. Kwa maana apakaye ukuta rangi huacha rangi ikimsemea, na aungaye kiti kilichovunjika hukumbukwa na kila akikaliaye, lakini azuiaye maji huacha sakafu kavu, na sakafu kavu haina wa kuitazama. Nimeazimia kuisifu kazi hiyo leo, na sifa zangu ni za mtu ambaye kwanza ilimshinda.

Mashine yetu ya kufulia, ya aina ile yenye mlango wa kioo kwa mbele, imekaa katika kijichumba cha uani, hapa Tanga, baina ya ukuta na pipa la maji ya akiba. Ilitufaa miaka kadhaa bila ya mashtaka. Asubuhi moja tulikuta maji yametanda nyuma yake, chini ya koki. Nami, kwa kuwa macho yaliona koki na maji mahali pamoja, nilitoa hukumu papo hapo kama kadhi mwenye njaa, nikachukua plaisi na kuikaza nati ya mpira wa kuingizia maji mpaka kiganja kikauma. Nati ile ni ya plastiki, na ndani yake mna washa ya mpira, ya robo tatu, ambayo haitaki zaidi ya nguvu ya vidole na kuongezewa kidogo; mimi niliibana hata ikapondeka, na nati ikapata ufa. Tangu saa ile tukawa na mivujo miwili, mmoja wa mashine na mmoja wangu.

Jirani yetu ni mzee aliyetumia ujana wake melini, katika chumba cha mitambo, ambako mtu hukaa chini ya usawa wa bahari na hujifunza adabu mbele ya tone. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza yaliyotokea pamoja na habari ya plaisi. Hakuuliza maji yanatoka wapi.

"Yanatoka saa ngapi, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba tuliyaona asubuhi, kiasi cha saa mbili. Akacheka kwa staha.

"Nakuuliza saa ya mashine, ya ukutani naijua. Lakini nenda kwanza ukanunue mpira mpya wa kuingizia, ulipe deni lako, kisha tutatafuta la mashine."

Hapo ndipo penye kiini cha ufundi huu, nami namwomba msomaji anistahamilie nikae hapo kitambo. Kwa habari ya mahali, maji ni shahidi wa uongo: hutoka huku, hufuata ukingo wa bati, huteremka na mwinamo wa sakafu, yakajitokeza kule; nasi tulioijenga sakafu ya uani ielekee kwenye tundu lililo nyuma, tuliyaita nyuma wenyewe. Kwa habari ya wakati, walakini, hayajui kudanganya. Mashine ivujayo hali imezimwa na koki iko wazi, lawama ni ya mpira wa kuingizia au maungo yake, maana huo hubeba msukumo wa maji usiku na mchana. Ivujayo inapojaza, hutazamwa vali na kisanduku cha sabuni. Ivujayo pipa linapogeuka polepole, hutazamwa mpira wa mlango, ambao mikunjo yake ni hazina ya nywele, sarafu na pini za ushungi, na pini moja yatosha kuutoboa. Ivujayo inapokamua, pipa likizunguka mara 1000 na zaidi kwa dakika, yamkini sili ya nyuma ya pipa imekufa, na aghalabu beringi nazo huwa zimekwisha kuanza kunguruma. Hiyo simshauri mtu kuifungua peke yake uani kwake. Na ile ivujayo inapotema maji machafu tu, mashaka huelekea kwenye pampu na mpira wa kutolea. (Wazee wetu waliokuwa wakimpelekea nguo dobi, ambaye jina lake tulilipokea kutoka Kihindi, walisalimika na elimu yote hii, dobi alivuja jasho tu.)

Mzee alikuja alasiri na tochi, tambara na gazeti kuukuu. Bisibisi ilibaki mfukoni. Kabla ya yote alichomoa plagi kwa mkono mkavu. Kisha akainama, akachovya vidole viwili katika maji ya sakafuni, akavisugua karibu na uso wake. Vikateleza.

"Haya yameshafua," akasema.

Maneno mawili hayo yaliitoa koki katika shauri, kwa kuwa maji ya koki hayajaonana na sabuni. Tukaisogeza mashine, tukafuta kila mahali hata sakafu ikakauka, tukatandaza gazeti chini yake na nyuma yake, akaiwasha bila ya nguo ndani, nasi tukaketi juu ya vibao kuitazama. Nakiri kwamba nilikuwa na hamu kubwa ya kushika kitu. Mashine ikajaza: gazeti kavu. Ikafua, ikageuka kulia na kushoto, kahawa ikaletwa na ikanywewa: gazeti kavu. Pampu ilipoanza kuvuma, tone moja lilianguka juu ya karatasi karibu na ukingo wa nyuma, likaacha doa jeusi lenye upana wa ukucha, kisha likaja la pili pale pale. Mzee akaizima, akachomoa plagi, akaelekeza tochi. Mpira wa kutolea ulikuwa umelikwa na ukingo wa bati la mgongoni, na pale palipolikwa palikuwa na tundu lisilofika punje ya mtama, lililotoa maji wakati pampu inapoyasukuma na kunyamaza wakati mwingine wote.

Mimi niliona kazi imekwisha. Yeye aliweka kiganja juu ya pembe ya mashine, akaikandamiza, nayo ikayumba. Tangu tulipotia vigae uani mguu mmoja haukugusa chini barabara, na kila ilipokamua mashine ilicheza, ikiusaga mpira wake kwa bati lake. Kubadilisha mpira na kuuacha mguu ule kungekuwa kumtibu mgonjwa na kumrejesha katika kitanda chenye kunguni. Basi tulitia mpira mpya, tukaufunga kwa klipu, tukaupitisha mbali na ukingo. Akaweka pima maji juu ya mashine, akawa anaizungusha miguu kidogo kidogo hata kipovu kikatulia katikati, ndipo akazikaza nati za miguu. Malipo aliyakataa, isipokuwa kikombe cha pili cha kahawa.

Gazeti nimeendelea kulitandaza kila siku ya kufua, na mpaka leo halijalowa.