Kushrub kwa Kifaransa

Kabla hujamcheka mtu kwa kutamka Kifaransa vibaya, fikiria neno Pijo. Wazazi wetu walisafiri nalo: zile teksi za Peugeot zilizojaa watu zikielekea Nakuru na Kisumu, gari ambalo modeli yake ya 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hakuna kamati iliyokaa ikaamua Peugeot iitwe Pijo. Sikio liliamua. Irabu ya kwanza ya jina hilo kwa Kifaransa hutamkwa ulimi ukiwa mbele, kama wa "e", huku midomo imeviringwa kama ya "o". Kiswahili hakina irabu ya namna hiyo. Kwetu ulimi ukiwa mbele midomo hutandazwa, na midomo ikiviringwa ulimi huwa umerudi nyuma. Ilibidi kitu kimoja kiachwe. Sikio likashika ulimi, likaachilia midomo, likapata "i". Konsonanti ya katikati ikahamia kwa jirani yake wa karibu, "j" ya jana na juzi. Huo si uzembe wa watu wasioenda shule. Hiyo ni fonolojia ikifanya kazi yake, na mtu angeweza kufundisha somo zima la kwanza la Kifaransa kwa neno hilo moja.

Hafundishi. Na hapo ndipo lawama yangu inapoanzia.

Kitabu ninachotaka kukiongelea ni Phonétique progressive du français, cha Lucile Charliac na Annie-Claude Motron, kilichotolewa na CLE International mwaka 1998. Jalada lenyewe linajigamba kwamba ndani mna mazoezi 600. Nakala yangu niliipata inama, kati ya kitabu cha uhasibu na riwaya isiyo na jalada. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kuniambia ni kizuri au ni kibaya. Nimekaa nacho peke yangu hapa Satellite, nikirudia silabi hadi majirani wakazoea.

Ni kizuri. Sauti inawekwa kando ya sauti inayofanana nayo, unasikiliza, unarudia, unatofautisha, halafu unaonyeshwa ni herufi gani zinaiandika. Kazi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana Kifaransa kinaweza kuandika "o" moja kwa njia za kuchekesha: o, ô, au, eau, na herufi za ziada mwishoni ambazo hazitamkwi. Kitabu chote ni kwa Kifaransa. Hakuna tafsiri hata ya neno moja. Ndiyo maana kinaweza kuuzwa Nairobi, Hanoi na Bogotá bila kubadilishwa nukta.

Lakini kitabu kinachozungumza na kila mtu hakimjui yeyote. Mdomo wa msomaji kinauchukulia kuwa chumba kitupu: ingia, panga fanicha. Mdomo wa mtu wa Nairobi si chumba kitupu. Una Kiswahili, una Sheng, una Kiingereza cha shule, na kwa wengi wetu una lugha ya nyumbani ambayo tumeambiwa miaka yote kwamba ndiyo inayotuharibia matamshi. Siwalaumu waandishi wawili wa Ufaransa kwa kutojua hayo. Nawalaumu wanaokaa hapa hapa mjini na kuziba pengo hilo kwa Kiingereza.

Tazama video yoyote ya kufunza Kifaransa kwa Kiingereza. Utaambiwa é ni kama "ay" ya neno "day". Kwa mtu wa London huo ni ushauri mbovu, kwa sababu yeye akisema "day" ulimi wake unasafiri, unaanzia kwenye "e" na kuishia karibu na "i". Kwa Mkenya ushauri huo unafaulu kwa bahati, kwa sababu sisi "day" tunaitamka "de", irabu moja iliyotulia. Yaani kile Kiingereza chetu tunachochekewa ndicho kinachotufikisha kwenye Kifaransa salama. Mwalimu wa video hajui, na sisi hatujiambii.

Afadhali hata tungetumia Kiswahili cha shule. Kila aliyefanya KCSE amekariri sehemu za kutamkia: ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini. Anajua vipasuo na vikwamizo. Anajua "i" ni irabu ya mbele, juu, midomo imetandazwa, na "u" ni ya nyuma, juu, midomo imeviringwa. Tulikariri hayo kwa ajili ya karatasi ya pili, tukayatema siku ya mtihani, na hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ndiyo fonetiki yenyewe, ile ile inayoelezwa kwa alama ngeni katika kamusi za Kifaransa. Alama zenyewe zina asili ya darasani: chama kilichozianzisha kiliundwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha, Paul Passy akiwa mbele, wakitafuta njia ya kuwafunza wanafunzi matamshi. Ukitumia msamiati wa KCSE, ile "u" ya Kifaransa inayotisha watu inaelezeka kwa sentensi moja: weka ulimi wa "i", usiuondoe, kisha viringa midomo ya "u". Kwisha. Mazoezi ndiyo yatakayochukua miezi.

Halafu kuna Kikuyu, ambacho darasani hakitajwi kabisa. Kifaransa kinatenganisha é na è: pré ni malisho, près ni karibu. Vitabu hutumia kurasa nyingi kwa tofauti hiyo, kwa sababu mwenye irabu tano tu hapo husikia "e" moja. Lakini Kikuyu kina irabu saba. Ile ĩ yenye alama juu ni é ya Kifaransa, au karibu kabisa nayo, na e isiyo na alama ni è. Upande wa nyuma ni vivyo hivyo: ũ ni "o" iliyofungwa ya neno eau, na o ya kawaida ni ile iliyo wazi ya pomme. Mũndũ ni mtu, mondo ni mkoba. Anayetofautisha hayo mawili tayari anaweza kutofautisha paume na pomme, kiganja na tufaha. Jina la Ngũgĩ, ambalo nusu ya dunia hulisoma kana kwamba lina "u" na "i" za Kiswahili, ni zoezi zuri la irabu zilizofungwa za Kifaransa. Kikamba na Ekegusii nazo zina irabu saba. Dholuo kina tisa, ingawa maandishi yake yanaficha baadhi.

Basi fikiria darasa la watu 15 hapa mjini. Pengine nusu yao wamebeba tofauti hiyo tangu utotoni, na wote wanafunzwa kana kwamba ni kitu kigeni kutoka ng'ambo, kupitia lugha ya tatu isiyokuwa nayo. Mimi hilo linaniudhi. Tumezoea kuita lugha ya nyumbani kizuizi hadi hata pale inapokuwa mlango tunapitia dirishani.

Na hapa inabidi tuseme kuhusu kushrub, maana ndiyo aibu yenyewe inayofanya watu wanyamaze darasani. Mkikuyu akisema "rara" badala ya "lala", gari zima linacheka. Lakini Kikuyu hakina "l" na "r" kama sauti mbili zinazobadilisha maana, kwa hivyo sikio lililolelewa humo halikuwahi kuwa na sababu ya kuzitenganisha. Hiyo ndiyo tofauti ya fonetiki na fonolojia, kama bado mtu anauliza: fonetiki ni mdomo unaweza kutoa nini, fonolojia ni lugha yako imeamua kipi kina maana. Sasa mpe yule aliyecheka neno la Kifaransa dessus, juu yake, na dessous, chini yake. Kinachotenganisha hayo mawili ni "u" ya mbele na "u" ya nyuma tu. Atayatamka sawasawa yote mawili, na atakuwa ameambia watu mzigo uko juu ilhali uko chini ya meza. Kwa Kifaransa sote tunashrub. Bora tushrub tukijua ni wapi inaharibu maana na ni wapi haiharibu kitu.

Maana kuna mahali haiharibu. Nimesikia wasee wakisema hawataki mwalimu Mkongomani, ati watapata lafudhi ya Kongo, wao wanataka ya Paris. Hoja yenyewe kubwa ni ile "r". Lakini "r" ya ulimi, kimadende chetu cha KCSE, haigongani na neno lolote la Kifaransa. Ukiitumia utaeleweka.  Watu wa kusini mwa Ufaransa wana irabu zao, hutamka "e" za mwisho ambazo Paris imezimeza, na ni Wafaransa halisi. Kifaransa tutakachokitumia sana, sasa kwa kuwa Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, ni cha Goma, Bukavu na Lubumbashi. Anayetaka "r" ya Paris aitafute, haiko mbali: ni jirani wa "gh" ya ghali, ikisogezwa nyuma kidogo. Lakini awe ameshamaliza dessus na dessous kwanza. Kitabu changu, kwa kweli, hakisaidii katika upangaji huo. Kila sauti kinaipa heshima sawa, kana kwamba kukosea "r" na kukosea "u" ni dhambi ya uzito mmoja. Kwenye jedwali la jadi Kifaransa kina irabu 16, lakini Wafaransa wengi leo hawatofautishi tena brin na brun. Mwanafunzi wa Nairobi ana haki ya kuambiwa mapema ni zipi anaweza kuziacha.

Irabu za puani haziachiki, na hapa nakubali: hakuna lugha ya nyumbani, kati ya hizi nilizozitaja, itakayokuokoa. Zaidi ya hapo, Kiswahili kinakutega. Soma neno bonjour. Macho yakiona "nj", mdomo unakumbuka njia, njaa, njugu, na bila kuuliza unagawa silabi Kibantu: bo-njuu. Neno lote limekwenda. Kwa Kifaransa hapo hakuna "n" yoyote. Kuna "o" inayopita mdomoni na puani kwa pamoja, kisha inakuja konsonanti. Kipimo ni rahisi: ukimaliza kusema bon, ncha ya ulimi iko wapi? Kama imegusa ufizi, hujasema bon, umesema kitu kinachokaribia bonne, umebadilisha jinsia. Jean amekuwa Jeanne. Mazoezi ya kitabu kwa irabu hizi ni ya kuchosha na ndiyo bora zaidi ndani yake. Unayapiga kama mazoezi ya viungo, kila siku kidogo, na siku moja "n" inaanguka yenyewe.

Carrefour ilipofungua duka lake la kwanza hapa, kule The Hub Karen mwaka 2016, tulipata zoezi la bure mji mzima. Jina maana yake ni njia panda. Kila mtu ana lake: Kerifoo, Karefoo, na wale wanaomaliza kwa "four" ya Kiingereza kana kwamba ni duka namba nne. Kinachochekesha ni kwamba Mswahili angelisoma kwa macho ya Kiswahili, "karefur", angekuwa karibu na Mfaransa kuliko wote hao. Kilichompoteza ni Kiingereza, na kukimbilia kusikika mtu wa kisasa.

Sehemu niliyoipenda mwisho ni ile ya kuunganisha maneno, ambapo konsonanti iliyokuwa kimya inaamka ikikutana na irabu. Les peke yake haina "s" ya kusikika, les amis inakuwa lezami. Watu husema Kifaransa kinafanya hivyo ili kiwe kitamu masikioni. Sisi tunasema mtu lakini mwalimu, kitabu lakini chakula, na hatudai ni utamu. Irabu mbili zinakaribia kugongana na lugha inatafuta njia. Si utaratibu ule ule, lakini ni tatizo lile lile, na mtoto wa darasa la tatu hapa Kenya tayari amelitatua mara elfu. Kinachobaki kukariri ni yale maneno yanayokataa kuungana bila sababu inayosikika. Héros ni mojawapo. Les héros haiungani. Ukiiunganisha, mashujaa wote wanakuwa les zéros.