Chombo Hakirudi Kitupu

Septemba 1984, kampuni ya Acornsoft ya Uingereza ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Elite. Waliutunga vijana wawili, David Braben na Ian Bell, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mchezaji alikabidhiwa chombo cha angani, krediti 100 za mtaji, na ramani ya sayari zaidi ya elfu mbili, kisha akaachwa afanye biashara. Nimecheza michezo mingi baada ya huo, na mingine ina picha za kupendeza kama sinema, lakini hakuna ulionikaa moyoni kama Elite. Mimi ni mtu wa Kibiti, na mchezo ule ulihusu kazi ambayo watu wa delta ya Rufiji wameifanya vizazi kwa vizazi: kununua kitu mahali kilipojaa, kukipakia chomboni, na kukifikisha mahali kinapotafutwa. Nataka kuisifu kazi hiyo, pamoja na ustadi wa vijana wawili walioielewa kiasi cha kuipangia hesabu zake ndani ya kompyuta ndogo.

Safari ilianzia Lave, sayari ya kilimo ambayo maelezo ya mchezo yanasema inasifika kwa misitu yake mikubwa ya mvua. Chombo chako kiliitwa Cobra Mk III. Ngama yake ilibeba tani 20, na tangi lake likijaa kiliweza kuruka umbali wa miaka ya nuru 7 tu, kwa hiyo ulipaswa kuijua ramani vizuri kabla ya kung'oa nanga. Bidhaa zilikuwa za aina 17: chakula, nguo, vileo, mitambo, manyoya, madini, dhahabu, vito na nyinginezo. Pale Lave chakula kilikuwa rahisi, chini ya krediti 5 kwa tani. Ukikipeleka Zaonce, sayari ya viwanda iliyo jirani, kilipanda bei. Kompyuta zilikuwa kinyume chake: rahisi viwandani, ghali mashambani. Ndiyo somo la kwanza la kila mfanyabiashara, na mchezo haukulisema popote. Ulikuonyesha bei ya huku, ukakuonyesha bei ya kule, ukakuachia kalamu na karatasi.

Somo la pili lilikuwa hatari. Kila sayari ilikuwa na serikali ya aina yake, kuanzia zilizotulia hadi zile zisizo na serikali kabisa. Riedquat ilikuwa mojawapo ya hizo za mwisho, na aliyeikaribia alijua kwamba maharamia wanamsubiri. Hivyo faida haikuwa tofauti ya bei peke yake. Ilibidi uondoe gharama ya mafuta na ya makombora, na uongeze katika hesabu uwezekano wa kupoteza chombo na shehena yote njiani. Nilijifunza kuuliza swali ambalo nahodha yeyote wa pwani hulijua: je, faida hii inalipa safari hii?

Tuuangalie sasa ufundi wenyewe. Kompyuta ya BBC Micro, ambayo mchezo ulitengenezewa kwanza, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa kila kitu, pamoja na picha iliyo kwenye kioo. Programu ya Elite yenyewe ilienea katika kama kilobaiti 22. Picha moja tu inayopigwa leo kwa simu ya kawaida ingejaza nafasi hiyo mara nyingi. Mchezo wa Braben na Bell ulikuwa na makundi manane ya nyota, kila kundi likiwa na sayari 256, na kila sayari ikiwa na jina, mahali pake, serikali, uchumi na idadi ya wakazi. Kuyaandika hayo yote moja moja kusingewezekana katika nafasi ile.

Walichofanya ni kutoandika sayari hata moja. Walianza na namba tatu, wakapanga kanuni ya kuzijumlisha ili zizae namba nyingine, na hizo zizae nyingine tena. Kutoka kwenye kila hatua ya hesabu hiyo, kompyuta ilisoma sifa za sayari moja: tarakimu hizi ziamue serikali, hizi uchumi, hizi zichague silabi za jina. Kwa kuwa hesabu haibadiliki, Lave ilibaki Lave kila ulipowasha mashine, na jirani zake walikaa palepale. Ulimwengu mzima ulihifadhiwa kama kanuni ya kuuzalisha. Kisha wakachagua kwa jicho la fundi. Inajulikana kwamba kundi moja la nyota walilitupa kwa sababu kanuni ilizaa ndani yake jina la sayari ambalo ni tusi la Kiingereza.

Soko nalo lilijengwa vivyo hivyo. Kila bidhaa ilipewa bei ya msingi na namba nyingine ndogo inayosema bei hiyo ipande au ishuke kadiri sayari inavyokuwa ya kilimo au ya viwanda. Jedwali fupi la mistari 17 likatosha kuendesha masoko ya sayari zaidi ya elfu mbili. Ninapolifikiria jedwali lile naona watu waliokaa wakaitafakari biashara hadi wakafika kwenye mzizi wake: bidhaa ile ile ina thamani tofauti mahali tofauti, na mwenye kuuvuka umbali huo ndiye anayestahili malipo.

Mimi niliucheza nikiwa kijana, Kibiti mjini, kwenye kompyuta kuukuu, miaka mingi baada ya kutungwa kwake. Vyombo vilichorwa kwa mistari mitupu juu ya weusi, bila rangi ya kujaza, na akili yako ndiyo iliyomalizia mengine. Jambo gumu kuliko vita na maharamia lilikuwa kutia gati. Kituo cha angani kilikuwa kinazunguka, na mlango wake ulikuwa upenyo mwembamba upande mmoja. Ilikubidi ukikabili kituo kwa mbali, ujipange sawasawa na mlango, kisha uanze kukizungusha chombo chako polepole mpaka mzunguko wako ulingane na wa kituo, na upenyo uonekane umetulia mbele yako. Hapo ndipo unasogea. Ukizidisha mwendo, au ukiwahi kidogo kuzunguka, chombo kinagonga ukuta na mali yote inapotea. Ukiingia salama, bei za soko zinatokea kwenye kioo, na mikono inaanza kutulia. Kulikuwa na kifaa cha kununua kilichoweza kutia gati chenyewe. Nilikinunua, lakini mara nyingi sikukitumia, maana kuingia bandarini kwa mkono wako mwenyewe kulikuwa na fahari yake.

Mjomba wangu alikuwa akifanya biashara kati ya Nyamisati, upande wa bara, na Kilindoni, kisiwani Mafia. Jioni moja alisimama nyuma yangu akitazama. Hakuuliza kuhusu nyota wala leza. Alitazama orodha ya bei, akaniacha nimweleze kwamba ninapeleka chakula kwenye sayari ya viwanda, kisha akauliza, "Na kurudi unabeba nini, mjomba?" Nikamwonyesha kompyuta na mitambo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo sawa. Chombo hakirudi kitupu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona kazi yake kwa macho ya mtu anayeielewa. Mashua iliyotoka Nyamisati ikiwa na unga, sukari na saruji ilirudi na nazi na samaki wakavu. Kila upande ulikuwa na kilichopungua na kilichozidi, na yeye alizibeba bei za pande zote mbili kichwani, pamoja na nauli, mafuta ya injini, ujira wa wapakiaji na hasara ya nazi zitakazopasuka. Juu ya hayo aliibeba kalenda ya maji. Katika delta hakuna anayesafiri kwa saa ya ukutani. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na vijito vinavyopitika asubuhi huwa tope mchana. Wakati wa maji mafu, baadhi ya vijito havipitiki kabisa kwa chombo kilichoshiba. Asiyejua mkondo gani una kina na upi una fungu la mchanga hulala juu ya tope akisubiri maji, huku kamba aliowanunua wakiharibika na barafu ikiyeyuka.

Delta yenyewe ina milango mingi: Kikunya, Simba Uranga, Msala na mingine, na baina yao kuna vijito vinavyojificha ndani ya msitu mkubwa wa mikoko. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo mwaka 1914, na Waingereza hawakuweza kuimaliza hadi Julai 1915. Kwa wenyeji, maficho hayo ni njia za kila siku za kwenda sokoni.

Na njia hizo zilifika mbali sana. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka kwa upepo wa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakafanya biashara kutoka bandari hadi bandari, yakaingia Rufiji kupakia boriti, kisha yakarudi kwao kwa upepo wa kusi. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 na 1939, nahodha akiwa Ali bin Nasr al-Najdi, na ameeleza katika kitabu chake jinsi walivyofika Rufiji na taabu waliyoipata humo kwa tope, joto na mbu. Hawakuja kwa bahati mbaya. Kuwait hakukuwa na miti ya kujengea, na boriti za mkoko na msinzi, ngumu na zisizoliwa kirahisi na mchwa, ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba zao. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kama ilivyokuwa katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja.

Boriti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkataji huingia msituni maji yakipwa, akizama hadi magotini, hukata, huchuna magamba, hulivuta gogo hadi ukingoni, kisha husubiri maji yajae ili mtumbwi uweze kulichukua. Gogo lile lile lililolala ukingoni kwa bei ya jasho la siku moja lilikuwa paa la nyumba ya mtu upande wa pili wa bahari. Kati ya bei hizo mbili kulikuwa na mkataji, mpakiaji, nahodha, sarahangi, na pepo mbili za mwaka. Jedwali la Braben na Bell linaeleza tofauti ya bei kwa namba moja. Katika delta, namba hiyo ina majina ya watu na misimu.

Mchezo ulikuwa na jambo zito pia. Miongoni mwa bidhaa zake 17 walikuwamo watumwa, pamoja na dawa za kulevya na silaha. Hakuna aliyekuzuia kuwanunua, lakini ulihesabiwa mhalifu, na polisi wakakuwinda. Kwa mchezaji wa Cambridge huenda lilikuwa neno tu kwenye orodha. Kwetu si neno tu. Kilwa Kivinje, kusini mwa Rufiji, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini mkataba wa kuifunga biashara hiyo baharini, wafanyabiashara waliwatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, na njia hiyo ililazimika kuuvuka Mto Rufiji. Nilipouona mstari ule kwenye kioo sikuugusa. Ustadi wa biashara hauishii katika kujua kinacholipa. Una sehemu yake nyingine, ambayo ni kujua kitu usichokibeba kwa bei yoyote, na naushukuru mchezo kwa kuniwekea uamuzi huo mikononi badala ya kuuficha.

Jambo ninalolisifu kuliko yote ni imani waliyokuwa nayo watungaji kwa mchezaji. Michezo ya wakati ule ilikupa maisha matatu, alama za kukusanya, na dakika chache kabla ya kushindwa. Braben amewahi kusimulia kwamba kampuni moja iliukataa mchezo wao kwa sababu haukufuata mtindo huo. Hawakuukata ili ufanane na mingine. Elite haukuwa na mwisho uliopangwa. Kulikuwa na vyeo, na cha juu kabisa kilidai kuangusha vyombo 6,400, lakini hakuna aliyekulazimisha kukitafuta. Ungeweza kuishi maisha yako yote angani kama mchuuzi wa chakula na nguo, ukiongeza ngama yako kutoka tani 20 hadi 35, ukajenga njia yako ya biashara na ukaijua vizuri. Mtu anayekupa chombo, mtaji mdogo na uhuru anakuheshimu. Ndivyo nahodha anavyomlea baharia kijana pwani: anampa usukani mahali maji yanapomruhusu kukosea, naye anakaa karibu.

Leo kijana wa Kibiti ana simu yenye uwezo mara maelfu kuliko kompyuta ile ya 1984. Daraja la Mkapa limeuvuka Rufiji tangu 2003, na malori ya korosho na mihogo yanapita bila kusubiri pantoni, lakini ndani ya delta mashua bado ndiyo gari. Sioni sababu ya mchezo mkubwa ujao wa biashara kutotungwa na mtu wa huku, wenye kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, korija za boriti, magunia ya mpunga na bei za Kilindoni. Kanuni zake zipo tayari, kwa kuwa watu wanaziishi. Atakayeutunga ajifunze kuandika programu kwa uchoyo wa nafasi kama walivyofanya Braben na Bell, kisha apande mashua Nyamisati akiwa na daftari. Aulize bei ya kila kitu, aulize maji yanajaa saa ngapi, na asishuke kabla ya kuuliza chombo kinabeba nini kinaporudi.